Barua ya wazi kwa mwenyekiti wa klabu yetu: kabla hujasaini, tuambie uwanja mpya ni wa nani

Mheshimiwa Mwenyekiti, salaam.

Kuhusu huu mkataba wa uwanja mpya unaotaka kuusaini, nianze na hili lisije likageuzwa baadae. Hakuna shabiki anayepinga uwanja mpya, hayupo. Ule wa zamani tunaujua sisi tunaokaa humo, vyoo vyake tunavijua, lile jukwaa lisilo na paa tunalijua, na yale mageti ambayo siku ya mechi kubwa mnasukumana mpaka unaingia ndani miguu haigusi chini. Kwa hiyo msemaji wenu aache kutuita wapinga maendeleo kila tukifungua mdomo. Tukiuliza hela inatoka wapi tunajibiwa wenzetu wameshajenga, tukiuliza uwanja utakuwa wa nani tunawekewa tena ile video, uwanja unawaka taa usiku na vile vijitu vya kompyuta vinatembea nje vimevaa jezi. Video kali, hatukatai, ila haijajibu kitu.

Sasa mimi nimeikalisha chini ile karatasi ya mpango wa uwanja mpya mliyotugawia, na ukurasa wa mwisho kuna mchoro wa viboksi na mishale ambao nadhani wengi waliupita tu maana maandishi yake madogo sana. Juu kabisa kuna kiboksi cha mwekezaji, chini yake kampuni ya uwanja, pembeni benki, na klabu yetu ipo kwenye kona ya chini huko. Kutoka kwenye klabu unatoka mshale mmoja umeandikwa pango unaenda kwenye kampuni ya uwanja, mwingine umeandikwa mapato ya milangoni unaenda benki, wa tatu umeandikwa ardhi, yaani ardhi ya uwanja wetu wa sasa, nao unaenda kampuni ya uwanja. Mshale unaorudi klabu sijauona. Nimeangalia mara ya pili nikijua labda macho yangu, haupo, na hakuna sehemu imeandikwa klabu itakuwa na hisa ngapi kwenye hiyo kampuni. Ardhi tunatoa sisi, mapato tunatoa sisi, alafu sisi ndo wapangaji!

Naomba nieleweke, kuwa na kampuni ya pembeni kwa ajili ya uwanja sio dhambi. Benki nyingi zinapenda hivo, deni la uwanja linakaa kwenye kapu lake na timu inabaki na hesabu zake. Arsenal walifanya hivo kwa Emirates, uwanja wa karibu pauni milioni 390 uliofunguliwa 2006, lakini ile kampuni ya uwanja ilikuwa mtoto wa klabu, mali ya klabu, sio mtoto wa jirani. Hiyo ndo tofauti tunayoizungumzia, na ndo sehemu ambayo karatasi yenu imekaa kimya.

Maana Mwenyekiti, klabu ikishakuwa mpangaji kila kitu kinabadilika. Waulize Coventry City wa England. Walitoka uwanja wao wa zamani, Highfield Road, mwaka 2005 wakaenda uwanja mpya wa watu elfu 32, wa kisasa kabisa, ila klabu haikuwa na chake mle ndani, nusu ilikuwa ya halmashauri ya jiji na nusu ya taasisi ya hisani. Pango lilikuwa zaidi ya pauni milioni moja kwa mwaka. Timu iliposhuka daraja pango likabaki palepale, wenye timu wakagoma kulipa, wenye uwanja wakakomaa, kilichofuata msimu wa 2013/14 Coventry wakawa wanachezea Northampton, zaidi ya kilomita 50 kutoka nyumbani, na mashabiki waliogoma kununua tiketi wakawa wanasimama kwenye kilima nje ya uwanja wanachungulia timu yao. Fikiria hiyo picha, mtu ana timu, mji una uwanja mpya, na mechi anaitazama kilimani mji mwingine. Haikuishia hapo. Mwaka 2014 uwanja ukanunuliwa na Wasps, timu ya raga, ikafika 2019 hawakuelewana tena, Coventry wakahamia Birmingham misimu miwili. Raga nao wakafilisika 2022, uwanja ukauzwa tena kwa mtu mwingine, na mpaka klabu inakuja kumiliki ule uwanja ilishafika 2025. Miaka 20! Mtoto aliyezaliwa siku wanahama alishakuwa mtu mzima.

Na usiniambie mwekezaji wetu ni mtu mwema na ni shabiki mwenzetu wa siku nyingi. Nakubali. Yule mmiliki wa Derby County, pia ya England, naye alikuwa shabiki wa Derby toka utotoni, kazaliwa palepale. Mwaka 2018 akauhamisha uwanja wa Pride Park kutoka klabu kwenda kampuni yake mwenyewe kwa pauni milioni 80, hesabu za mwaka ule zikapendeza. Septemba 2021 klabu ikawekwa chini ya msimamizi wa mufilisi, ikakatwa pointi 21, ikashuka daraja, na kila aliyekuja kutaka kuinunua alikutana na kiunzi kilekile, timu inauzwa huku uwanja una mwenyewe mwingine. Hatusemi alikuwa na nia mbaya. Nia haisajiliwi popote, kinachosajiliwa ni hati. Leo mwekezaji yupo, kesho watoto wake wanagawana mirathi na hakuna hata mmoja anayejua straika wetu anaitwa nani.

Tuje kwenye hela zenyewe. Mmesema mkopo utalipwa na mapato ya milangoni ya miaka ijayo, mdhamini atakayelipia jina lake liwe jina la uwanja, na kuuza eneo la uwanja wa zamani. Sawa. Mapato ya milangoni yakishawekwa dhamana benki, hela ya kwanza inayoingia getini ni ya benki, mishahara ya wachezaji inasubiri. Hilo lina maana kwenye usajili na inabidi mtuambie ukweli mapema, mashabiki tunaelewa tukiambiwa. Arsenal hao hao, wenye uwanja wao na mipango yao mizuri, walikaa toka 2005 mpaka 2014 bila kombe huku wanauza wachezaji wazuri kila dirisha la usajili, na hao ni matajiri. Sisi tukishuka daraja mwaka wa pili wa mkopo inakuaje? Makadirio yenu yanaonesha uwanja unajaa kila mechi kila msimu mpaka deni liishe, ambayo jamani, hata kwa mahaba yetu haya, mvua ikinyesha na tumefungwa tatu mfululizo watu wanabaki nyumbani, hiyo mnaijua.

Alafu gharama. Ujenzi hauishiagi na bei ulioanza nayo. Tottenham walianza na hesabu za milioni mia kadhaa wakamaliza kwenye pauni bilioni moja hivi, uwanja ulikuwa ufunguliwe mwanzoni mwa msimu wa 2018/19 ukafunguliwa Aprili 2019, miezi yote hiyo ni wapangaji Wembley, uwanja wa taifa wa England. Ila angalia walichofanya baada ya hapo: sehemu kubwa ya deni wakaibadilisha ikawa ya muda mrefu, wastani wa miaka 23, riba ndogo isiyopanda, na uwanja ukabaki wa klabu. Kwenye karatasi yetu riba imeandikwa "kwa mujibu wa soko". Soko lipi? La mwaka gani? Na mkandarasi akizidisha bajeti nani anamalizia, yeye, mwekezaji, au ndo mnarudi kwetu na michango ya jezi?

Kuhusu kuuza eneo la zamani ndo kabisa silali. Valencia wa Hispania walianza kujenga uwanja mpya, Mestalla mpya, mwaka 2007, mpango ukiwa eneo la uwanja wa zamani liuzwe hela imalizie mpya. Bei za ardhi zikaporomoka, mnunuzi hakuna, Februari 2009 mafundi wakafunga vifaa wakaondoka. Lile gofu la zege limesimama ndani ya jiji mpaka Januari 2025 ndo kazi ikaanza tena. Bahati yao moja tu, uwanja wa zamani walikuwa bado nao wakawa wanachezea humo humo. Sisi kwenye mpango wetu eneo linahamia kampuni ya uwanja siku ya kusaini, kabla hata tofali moja halijawekwa. Ujenzi ukikwama tunachezea wapi?

Munich nako, Ujerumani, klabu inayoitwa 1860 (hilo ni jina, sio mwaka) walijenga Allianz Arena pamoja na Bayern, nusu kwa nusu, uwanja wa euro milioni 340 uliofunguliwa 2005. Mwaka uliofuata tu wakawa hoi kifedha, wakauza nusu yao kwa euro milioni 11. Milioni kumi na moja! Wakageuka wapangaji kwenye uwanja waliojenga wenyewe, na mwaka 2017 wakatoka kabisa. Uwanja ni uleule, mmoja umemtajirisha na mwingine umemmaliza, kwa hiyo msitufundishe kwamba uwanja mpya peke yake ni utajiri.

Kitu kingine kilichonifanya niandike leo na sio mwezi ujao ni tangazo la mkutano mkuu. Ajenda ya sita: "marekebisho madogo ya katiba". Maandishi ya hayo marekebisho hayajaambatanishwa. Mwenyekiti, hapo ndo watu huingiaga mkenge. Brighton wa England, uwanja wao wa Goldstone uliuzwa mwaka 1995 na wakurugenzi wao wenyewe, hawana pa kwenda, na kabla ya hapo katiba ya kampuni ilishachomolewa kifungu kilichozuia wenye hisa kujinufaisha na mali za klabu ikitokea imevunjwa. Walikuja kushtuka mashabiki, sio viongozi. Mechi ya mwisho pale ilikuwa Aprili 1997, miaka miwili wakachezea mechi zao mji wa Gillingham, zaidi ya kilomita 100 kwenda tu, alafu wakaenda kwenye uwanja wa riadha mpaka 2011 ndo wakapata kwao. Katiba yetu kifungu cha mali kinasema ardhi ya klabu haiuzwi wala kuwekwa rehani bila theluthi mbili ya wanachama. Kama ajenda ya sita inagusa hicho kifungu tuambieni sasa hivi, na kama haigusi mtakosa nini mkitutumia hayo maandishi?

Tunachoomba sio kigeni, kuna watu wanakiishi. Pale Chelsea ardhi ya uwanja na hata jina la timu viko chini ya kampuni ya wenye hisa mashabiki toka 1997, mtu hata anunue hisa nyingi vipi kura zake haziwezi kuzidi mia moja. Mwaka 2011 Abramovich, mmiliki wa Chelsea wakati huo, na bilioni zake zote na makombe yote aliyowapa, alitaka kuvirudisha kwenye klabu, ikahitajika asilimia 75, akapata 61 na ushee, akakaa chini. Na hawakumchukia, waliendelea kumuimba. Union Berlin wa Ujerumani ndo usiseme, mashabiki zaidi ya elfu mbili walibeba zege kwa mikono yao 2008 na 2009 kukarabati uwanja, na 2011 wakauziwa hisa za uwanja, euro 500 moja, zikanunuliwa na maelfu. Sisi tukiambiwa tununue tutanunua. Kuna wazee pale jukwaani wameanza kuuliza bei kabla hamjasema mnauza.

Kwa hiyo Mwenyekiti, kabla ya kalamu kugusa karatasi: tuwekeeni mkataba wa kampuni ya uwanja tuusome, hata mkifuta majina ya benki, ila hisa za klabu zionekane na ziwe zaidi ya nusu. Hati ya eneo la zamani isihamishwe mpaka mpya uwe na nyasi na mechi imechezwa. Pango, kama lazima liwepo, lishuke timu ikishuka daraja, na mkataba uwe wa miaka mingi ambao mwenye uwanja hawezi kuuvunja akiamka vibaya. Mwekezaji akitaka kuuza, klabu na wanachama waulizwe kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Na wanachama tupate kiti kwenye bodi ya hiyo kampuni, mtu wa kuchaguliwa na sisi, msituletee binamu wa mtu.

Hayo yakikaa kwenye maandishi, mimi wa kwanza kuja kupiga picha siku ya jiwe la msingi. Yasipokaa, ajenda ya sita tutaipigia kura ya hapana, na matawi tuliyoongea nayo yako tayari kuja mapema kukaa viti vya mbele.

Mkutano ni wa wote, majibu yaje palepale mbele ya watu, sio kwa taarifa ya msemaji usiku wa manane. Na mweka hazina naye aje safari hii akae mpaka maswali yaishe, mara ya mwisho alitoka kupokea simu hakurudi.

Wako katika jezi,
Mwanachama mlipa ada, jukwaa lisilo na paa