Asante uliyenifungulia swali la mcheduara

Ndugu uliyenieleza swali la mcheduara, lile umbo kama kopo la duara, jina lako silijui, ila asante sana tena sana. Tulipewa ujazo, sentimita za ujazo 1,540, na nusukipenyo (kutoka katikati ya duara hadi ukingoni) cha sentimita 7. Kimo ndicho kilichotakiwa. Mwingine angenitupia kanuni tu akaondoka. Wewe ulianza na eneo la kitako, lile duara la chini: pai, yaani 22/7, mara 7 mara 7, sentimita za mraba 154. Kisha ukaniuliza, "Vipande vingapi vya kitako hiki, kila kimoja unene wa sentimita 1, vikipangwa juu kwa juu vitafika 1,540?" Hapo hapo nikaona: 1,540 gawanya kwa 154, kimo ni sentimita 10. Kumbe kugawanya kule kuna maana, si kuhamisha herufi tu!

Nililolipenda zaidi ni la nyongeza, ambalo hata sikuliomba. Ujazo ukauacha uleule, nusukipenyo ukakifanya 14. Wengi wangesema kimo ni 5, kikatoka 2.5, maana nusukipenyo kikiwa mara mbili, kitako kinakuwa mara nne.

Na ile tahadhari ya kukagua kwanza kama tumepewa kipenyo au nusukipenyo nimeiandika kwa wino mwekundu. Ubarikiwe popote ulipo.