Barua ya wazi kwa Meneja wa Jiji la Kisumu kuhusu majengo marefu na barabara zetu

Mheshimiwa Meneja,

Nakuandikia kuhusu vibali vya majengo marefu katikati ya jiji, na hasa kuhusu sehemu ambayo, kwa maoni yangu, huzingatiwa kidogo kuliko zote: orofa ya chini. Sipingi urefu. Ni afadhali kujenga kwenda juu kuliko kuendelea kumega mashamba ya Kano. Ninachopinga ni jengo linaloipa barabara mgongo.

Maduka ya zamani ya Barabara ya Oginga Odinga, yaliyojengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi baada ya reli kufika hapa mwaka wa 1901, ni mafupi, lakini yana veranda. Chini yake mpita njia hujikinga na jua la utosini, na mvua ya alasiri inaposhuka ghafla, wateja, mafundi wa cherehani na wauza magazeti hujibanza pamoja bila kumwomba yeyote ruhusa. Milango imekaribiana, kwa hiyo kila baada ya hatua chache kuna bidhaa ya kutazama au mtu wa kusalimiana naye. Jengo jipya linapochukua nafasi ya maduka kadhaa ya aina hiyo, mara nyingi hutuachia lango moja lenye mlinzi, njia ya magari ya kuingia maegesho, na ukuta wa vioo unaomrudishia anayepita joto la jua. Hata kama wanaofanya kazi ndani ni mamia, barabarani hawaonekani.

Kuna pia suala la ziwa. Mchana upepo huvuma kutoka majini kuja mjini. Mnara mwembamba huupisha, ilhali jengo pana lililolala sambamba na ufuo huuzuia, na walio nyuma yake hupoteza upepo na mandhari kwa pamoja. (Karibu na uwanja wa ndege, mamlaka ya usafiri wa anga hukagua urefu wa majengo. Rubani ana mtetezi. Mtembea kwa miguu hana.)

Jengo la Equitable lenye orofa 38 lilipokamilika New York mwaka wa 1915, kivuli chake kilitanda juu ya majirani, na mwaka uliofuata jiji hilo likapitisha kanuni za kuyalazimisha majengo kurudi nyuma kadiri yanavyopanda. Wao walililia mwanga. Sisi tulio karibu na ikweta tunahitaji kivuli, na adhuhuri kivuli cha mnara huishia miguuni pake, kwa hiyo kanuni yao haitufai ilivyo: kwetu veranda ndiyo ya kulazimishwa kwanza.

Kaunti ina uwezo wa kisheria wa kuambatisha masharti kwenye kibali. Naomba kila jengo jipya katika barabara kuu za katikati liwe na veranda inayoungana na ya jirani bila ngazi, ili hata mwenye kiti cha magurudumu apite, na magari yaingilie nyuma kila inapowezekana. Wenye viwanja watasema wanapunguziwa nafasi ya kukodisha. Hoja hiyo ina uzito, na inaweza kujibiwa kwa kuwaongezea orofa moja juu.

Naomba pia mchoro wa orofa ya chini ubandikwe kwenye uzio wa ujenzi kabla ya kibali kutolewa, kwa kuwa picha tunazoonyeshwa sasa huwa za mnara unaotazamwa kutoka angani, mahali ambapo hakuna mkazi wa Kisumu anayepita akienda kazini.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Kisumu