Barua kwa mwanangu Mwanakupona, kabla hujaenda kwa wakili

Mwanangu Kupo,

Marahaba. Ile voisi yako ya dakika sita nimeisikiliza yote, mara mbili, ya kwanza nikiwa naweka zipu kwenye gauni la watu nikajichoma sindano, ya pili usiku umeme ulipokatika. Nilitaka nikujibu kwa voisi na mimi ila najijua, nikianza kuongea nitalia au nitagomba, bora niandike, na utanisamehe herufi zikipishana maana kioo cha hii simu unakijua.

Kwa hiyo unataka kwenda kwa wakili uape ubadilishe jina. Sababu umetoa mbili. Ya kwanza hapo chuo Dodoma wanakuuliza kwani ulikuwa unaumwa nini, na yule kijana alikuita Panadol darasa zima likacheka (samahani, na mimi nilicheka kidogo). Ya pili umeusoma kwenye simu ule Utendi wa Mwana Kupona, lile shairi refu la zamani la mama anayemuusia binti yake, umekasirika, unasema mama mmenipa jina la mwanamke aliyemfundisha binti yake kumpapasa na kumpepea mume. Hiyo ya kwanza ni ya watoto. Hiyo ya pili ndo imenifanya nisilale.

Tuanze na Mwana. Wewe unadhani ni mwana wa mtu, yani mtoto. Na hapa kijiweni Tandika siku hizi mwana ni mshkaji tu, oya mwana niazime buku. Lakini huko visiwani Lamu na Pate Mwana ni neno la heshima kwa mwanamke, kama sisi tunavyosema Bibi, na kwa mwanaume ni Bwana. Ndo maana huyo somo yako aliitwa Mwana Kupona na mumewe akaitwa Bwana Mataka, ngoma droo. Wazee wa Mombasa wanahadithia kwamba mji wao ulianzishwa na malkia, Mwana Mkisi, na Pate yenyewe karne ya 18 iliwahi kutawaliwa na mwanamke, Mwana Khadija. Huku kwetu neno tumelikatakata tukabaki na kina Mwajuma, Mwanaidi, Mwanahamisi, Mwanahawa, Temeke nzima wamejaa, ukiita Mwajuma sokoni wanageuka watatu na muuza mihogo wa nne. Wote hao ni Bibi fulani, basi tu hakuna aliyewaambia.

Alafu Kupona. Kupona sio kumeza dawa tu mwanangu. Mtu akitoka mzima kwenye ajali ya basi tunasema kapona. Boti ikizama yeye akafika ufukweni, kapona. Mwenye nyumba akija kudai kodi akakukosa, umepona, mimi nimepona hivo mara nyingi.

Miaka 26 nashona nguo Dar hii, daftari zangu za vipimo zimejaa kabati, Mwanakupona sijawahi kumwandika hata mmoja zaidi yako wewe. Watu wanaliogopa. Bibi yako mzaa baba alilikataa wazi, akasema jina linavuta, ukimwita mtoto Kupona maana yake umeshamwekea ugonjwa wa kupona. Nikamwambia mama, humu mtaani kuna Shida, kuna Tabu, kuna Mashaka, kuna Sikudhani, hao hamkuogopa, mnaogopa jina la kheri? Hakunijibu, alibeba ndoo yake akaondoka, ila mpaka leo anakuita Mwana basi, hilo lingine halitamki, na wewe ulikuwa unadhani ni mapenzi.

Sasa nikuambie kitu ambacho nimekuambia nusunusu miaka yote. Wewe hukuwa mgonjwa. Ulizaliwa mzima, kilo tatu na nusu, unalia kama honi ya daladala. Mgonjwa nilikuwa mimi. Kifafa cha mimba, presha ilipanda, siku nne sijitambui. Siku ya saba nywele zako zimenyolewa na jina umepewa mimi bado nipo wodini nina mipira mkononi. Kwa hiyo sikukupa mimi hilo jina, nilitoka hospitali nikakukuta nalo tayari, na kusema kweli halikunipendeza, nilikuwa nimekuwekea Nasra moyoni.

Aliyekupa ni babu yako, baba yangu. Wewe unamkumbuka kwenye kiti chake cha uvivu tu, lakini yule alikuwa baharia wa majahazi, walikuwa wanapanda mpaka Lamu kuchukua boriti za mikoko, na huko wakisubiri upepo wa kaskazi uwarudishe walikaa wiki na wiki. Huko ndo aliusikia utendi, ukisomwa kwa sauti. Shule hakwenda ila beti alikuwa nazo kichwani, na sio maajabu, utendi umetungwa ushikike, kila ubeti vipande vinne vya mizani, yani silabi, nane nane, vitatu vya mwanzo vinaishia sauti moja na cha nne kinabeba sauti ile ile kutoka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, ukisahau neno sauti yenyewe inakukumbusha. Zile siku nne mimi nimelala kama gogo yeye alikuwa kwenye benchi nje ya wodi anazisoma chinichini, baba yako akadhani mzee anaomba dua. Na hakukosea sana.

Maana hapo ndo uliposoma haraka ukaruka. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, aliandika zile beti mwaka 1858, akiwa mjane, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu hapo hapo kisiwani Pate, aliyewasumbua sana askari wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, ameshafariki, na yeye mwenyewe yupo kitandani, ugonjwa umemshika mwaka mzima. Anamwita binti yake Mwana Hashima asogee karibu na karatasi na wino. Anamwambia kwanza shika dini, pili adabu na ulimi mzuri, tatu uwe mkweli. Mambo ya mume yanafuata, sikatai, ni mengi. Lakini endelea mpaka huko mbele ambako mawaidha yanaisha inaanza dua, dua ndefu kweli, anawaombea watoto wake, ndugu zake, na anajiombea na yeye. Mwanamke anaitwa Kupona, anaumwa, anaomba apone. Babu yako aliniambia hapo ndo sauti ilikuwa inamkatika pale kwenye benchi, kila akifika hapo anarudi nyuma anaanza upya.

Na somo yako hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Hilo babu yako alilijua na bado akakupa jina. Nilimuuliza, baba, huyu si alikufa? Akaniambia wewe si umetoka hospitali na miguu yako, jina limeshafanya kazi, unataka nini tena.

Haya, sasa mume. Usidhani nakuficha, nimeusoma wote juzi kwa ajili yako na bando limeisha. Ni kweli anasema mume akilala usimwamshe, mpapase, asikose wa kumpepea. Anasema siku ya kiama mume ndo anaulizwa kama mke aende peponi au motoni. Mimi hapo nilifunga simu nikaenda kuanua nguo. Na kuna sehemu anamwambia binti asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi, na hapo roho ilinichoma zaidi kuliko hiyo ya kupepea, maana ukoo wetu sisi wa pwani ukiuchimba hujui utakutana na nani, huenda bibi wa bibi yangu ndo alikuwa upande huo mwingine wa mlango. Huyu alikuwa mwanamke wa watawala wa Siyu na aliongea kama watu wa nyumba za mawe walivyokuwa wanaongea. Kwa hiyo sikulazimishi umpende kila ubeti. Anasema pia yeye na mumewe hawajawahi kuteta hata siku moja, nikamsomea baba yako, akasema huyo alikuwa mgonjwa kweli.

Ila msome na masikio. Anasema mume mtunze kama mtoto mdogo asiyejua kusema. Sasa wewe mwenye digrii inakuja niambie, hapo nani amesifiwa? Wapo wasomi wameandika kwamba ndani ya utendi ule kuna kejeli, kwamba mama anamfundisha binti namna ya kuishi na wenye nguvu huku akiwachungulia kwa jicho la pembeni. Mimi sio msomi lakini nimekuwa jikoni na wanawake maisha yangu yote, nazijua sauti zetu tukisema "mume ni mtoto mkubwa". Sio sauti ya kusujudu.

Kuna kingine kinachonifanya nisikubali ukimwita "mwanamke wa kupepea". Mwishoni ametaja jina lake. Ametaja alikozaliwa, ametaja na mwaka, 1275 wa Hijria, ndo huo 1858, ndani ya beti zenyewe. Nyimbo ngapi tunaziimba kwenye unyago na kwenye harusi zimetungwa na wanawake na hakuna anayejua ni nani? Huyu aliliweka jina kwenye vina, kwa herufi za Kiarabu na Kiamu chake, Kiswahili cha Lamu, ukilitoa ubeti unaanguka. Na wewe unataka kulitoa kwa muhuri wa wakili.

Hilo jipya, Kayla, nimelitazama. Jina zuri. Kwenye darasa la mdogo wako wako wawili.

Kuna jambo moja nipo upande wako mia kwa mia, nalo ni cheti cha kuzaliwa. Karani aliyekuandikisha alikata jina katikati, akaandika Mwana, nafasi, Kupona, kama majina mawili, kwa hiyo kila fomu ya kompyuta inakuita Mwana kama vile tumekosa jina tukaandika mtoto. Na shule ya msingi wakaongezea yao wakakuandika Kipona miaka miwili. Hilo nilitakiwa nilisahihishe zamani, nilikuwa sina hela ya kufuatilia, alafu nikazoea, hapo kosa ni langu. Kama wakili anaweza kuliunganisha liwe neno moja hela natoa mimi, hata kesho. Na hao wanaokuita Panadol waambie wakuite Kupo, au Mwana kwa ile maana ya Lamu, wewe mwenyewe utajua unacheka nini.

Sikuzuii, umeshavuka miaka 18. Cheti halisi kipo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, kwenye bahasha ya kaki pamoja na kadi yako ya kliniki. Ukikitaka niambie siku mbili kabla nimpe mtu anayesafiri, sitaki kukirusha kwenye basi tu kikapotea.

Gauni lako la kitenge limebaki mabega, vipimo nilivyonavyo ni vya mwaka juzi na umesema linabana. Pima na kamba ya kiatu kama huna tepu, funga fundo, alafu ilinganishe na rula unitumie namba kabla ya Ijumaa. Lebo ya ndani nimeshaitarizi kwa mkono, herufi 11, zimemaliza uzi wote wa bluu, kwa hiyo hiyo hata ukienda kwa wakili siifumui.

Mama yako
Tandika