Mtutu wa Bunduki Yako Unaishi Risasi Ngapi?

Kila mwaka ikifika Mei, karakana yetu hapa Arusha hujaa. Msimu wa uwindaji unafunguliwa tarehe 1 Julai, na ghafla wawindaji bingwa, wenye mashamba na wenye bunduki za urithi wote wanakumbuka kwamba silaha zao zimelala kabatini tangu mwaka jana. Swali linaloongoza ni hili: "Fundi, huu mtutu si umeshakwisha? Ni wa tangu enzi za babu."

Jibu letu mara nyingi humshangaza mteja. Mtutu hauzeeki kwa miaka. Unazeeka kwa moto, kwa kutu, na kwa mkono wa anayeusafisha. Na kwa bunduki za kuwindia, kutu na mkono vimeua mitutu mingi kuliko moto. Kufunga mtutu mpya kunatuingizia pesa zaidi kuliko kuuhudumia wa zamani, lakini tunaumia kuona mtu amelipia mtutu wakati kilicholegea kilikuwa skrubu.

Tuanze na moto, maana ndio watu wanaouogopa zaidi. Ukifyatua, gesi ya baruti yenye joto linalopita lile la kuyeyusha chuma inapita kwa nguvu mbele ya chemba (chumba cha nyuma ya mtutu inapokaa risasi), mahali ambapo mifereji ya ndani ya mtutu inaanzia. Hapo tunapaita koo la mtutu. Chuma hakiyeyuki kwa sababu muda wenyewe ni mfupi mno: kichwa cha risasi ya kaliba (saizi) ya .30-06 kinakaa ndani ya mtutu kama sehemu moja ya elfu ya sekunde na ushee. Jumlisha mwenyewe: mtutu uliofyatua risasi 3,000 umefanya kazi sekunde nne hivi katika maisha yake yote. Lakini katika kila mlipuko, ngozi ya juu ya chuma inapata joto ghafla na kupoa ghafla, inakakamaa, kisha inachanika. Tukiingiza kamera nyembamba kwenye koo la mtutu uliofanya kazi sana tunaona mtandao wa nyufa kama tope la mbuga lililokauka mwezi wa Septemba. Gesi inapenya kwenye nyufa hizo, inabandua vipande vidogo, mifereji inafutika pole pole, na koo linazidi kusogea mbele.

Sasa, risasi ngapi? Inategemea baruti ni nyingi kiasi gani ukilinganisha na upana wa tundu inakopita. Mfano mzuri ni .308 Winchester na .243 Winchester. Ganda ni la ukoo mmoja; .243 ni ganda lile la .308 lililobanwa shingo ili libebe kichwa chembamba zaidi. Moto ni karibu ule ule, ila njia imekuwa nyembamba. Wapiga shabaha wa mashindano hutegemea mtutu wa .308 uwape risasi kati ya 3,000 na 5,000 kabla hawajaubadilisha. Wa .243 hudumu karibu nusu ya hapo. Ukienda kwenye .300 Winchester Magnum, hesabu 1,500 hadi 2,500. Zipo kaliba zilizojulikana tangu zilipotoka kuwa zinakula mitutu, kama .220 Swift ya mwaka 1935 na .264 Winchester Magnum ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Upande wa pili iko .22 ya kawaida, yenye kichwa laini cha madini ya risasi na baruti kidogo. Hiyo inakwenda makumi ya maelfu.

Na bunduki za nyati? .375 H&H ya mwaka 1912 na .458 Winchester Magnum ya 1956 zina tundu pana, kwa hiyo gesi inapata nafasi. Halafu hakuna anayezipiga kwa mamia siku moja, bega halikubali. Katika miaka yote ya kazi hii sijapokea .458 iliyokufa koo kwa kufyatuliwa tu.

Kumbuka pia hesabu hizo ni za watu wanaotaka matundu matano yakae ndani ya mduara wa sarafu wakiwa mita mia. Mwindaji anayempiga swala mkubwa aitwaye pofu kwa umbali wa mita 120 ana nafasi kubwa zaidi ya hapo. Mwenye shamba anayetumia risasi 20 kwa mwaka, akiwa na .308, atahitaji miaka 150 kufikia 3,000. Hata mwindaji bingwa anayemaliza risasi 100 kwa mwaka, mazoezi yakiwemo, anazungumzia miaka 30. Ndiyo maana mteja akitaja miaka, sisi tunamuuliza risasi. Weka daftari dogo ndani ya boksi la bunduki, andika kila unapofyatua. Hakuna kipimo cha fundi kinachoshinda daftari hilo.

Kinachoharakisha kifo cha koo ni kufyatua mfululizo mtutu ukiwa wa moto. Hili tunaliona kambini siku ya kwanza, mgeni anaposawazisha darubini: risasi kumi zinatoka ndani ya dakika tano kwa sababu gari linasubiri. Piga tatu, fungua bolti (komeo la nyuma linalofunga chemba), simamisha bunduki kivulini mdomo ukitazama juu ili hewa ipite. Shika mtutu kwa kiganja. Kama huwezi kuhesabu hadi kumi bila kutoa mkono, bado.

Moto huu una historia yake, na historia yenyewe inagusa bunduki ambazo bado zinaletwa hapa. Waingereza walipobuni baruti ya kodaiti mwaka 1889, karibu asilimia 58 yake ilikuwa nitrogliserini. Iliwaka kwa joto kali hivi kwamba mitutu ya bunduki zao za Lee-Metford, yenye mifereji ya kina kifupi na kingo za mviringo, ilifutika upesi. Wakabadilisha mifereji, ikawa ya kina zaidi na yenye kingo kali, ndipo ikazaliwa Lee-Enfield mwaka 1895. Baada ya vita vya Makaburu wakapunguza nitrogliserini hadi asilimia 30. Lakini ugonjwa wa pili haukuondoka: fataki za zamani (viwashio vya baruti kwenye kitako cha ganda) ziliacha ndani ya mtutu chumvi inayofanana sana na chumvi ya jikoni, na chumvi inavuta maji. Mafuta hayaiyeyushi. Wazee waliokuwa askari wa wanyamapori walimwaga maji ya moto ndani ya mtutu kabla ya kuupaka mafuta, na walikuwa sahihi kabisa. Bunduki za .404 Jeffery zilizotumiwa na idara ya wanyamapori ya Tanganyika wakati wa ukoloni, zile zinazotufikia leo, tunaweza kukisia aliyekuwa nazo alimwaga maji au hakumwaga. Nyingine ndani ni kioo. Nyingine ni kama kokwa la embe.

Na kutu haijaisha kwa sababu fataki za siku hizi hazina chumvi ile. Mteja wetu anayewinda Kilwa na mwenzake wa Longido wana bunduki za aina moja zilizonunuliwa karibu wakati mmoja. Ya Longido ina mikwaruzo ya vumbi nje, ndani ni safi. Ya Kilwa ilikaa miezi minne ndani ya mfuko wa ngozi, kwenye chumba kinachopigwa na upepo wa bahari. Ngozi inatunza unyevu na kuugusisha na chuma usiku na mchana. Mfuko wa ngozi ni wa kusafiria, si wa kuhifadhia. Ukiwa pwani, futa mtutu ndani na nje kila jioni, hata kama hukufyatua hata moja, kisha bunduki ikae mahali penye hewa.

Tukija kwenye mkono wa msafishaji, ngoja nieleze bunduki moja ya mwaka juzi. Mzee mmoja alituletea .30-06 inayotawanya, matundu yalikuwa yamesambaa upana wa sahani. Alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba mtutu umekufa. Tulihakikisha haina kitu, tukatoa bolti, tukapitisha kamera. Koo lilikuwa zuri. Nikachukua kijiti chenye pamba nikakizungusha taratibu kwenye mdomo wa mtutu. Upande wa saa tatu pamba ilinasa na kuacha uzi mweupe. Nikarudia, ikanasa pale pale. Kwa miaka mingi alikuwa anaisafisha kwa fimbo ya chuma akiiingizia mdomoni, na fimbo ilikuwa inakwaruza upande mmoja ule ule. Kichwa cha risasi kikitoka, gesi inawahi kutorokea penye mkwaruzo huo na kukisukuma pembeni. Tulikata milimita chache za mdomo, tukautengeneza upya kwenye mashine. Matundu yakarudi kuwa kikundi. Mtutu huo una zaidi ya miaka 50 na bado unakwenda porini.

Kwa hiyo bunduki ikianza kutawanya, mtutu uwe wa mwisho kushtakiwa. Tunaanza na skrubu za kushikilia darubini, kisha skrubu zinazobana chuma kwenye mti wa kitako, kisha mti wenyewe, kisha mdomo, kisha shaba iliyoganda ndani, kisha risasi za toleo jingine. Shaba ndiyo inayodanganya wengi. Vichwa vya risasi vinaacha utando wa shaba kwenye mifereji, na kitambaa chenye mafuta hakiutoi. Inahitajika dawa ya kuyeyusha shaba, na usiiache ndani usiku kucha. Ina amonia, inaweza kula chuma. Tafadhali sana, oili chafu ya gari isiingie kwenye bunduki. Ina asidi na masizi. Na hata mafuta mazuri yakizidi, vumbi la Simanjiro likiyakuta linageuka kuwa msasa.

Hapa sasa nifike kwenye kitu ninachokihofia kuliko koo la mtutu, nacho ni vipuri vidogo. Mtutu uliochoka unakuonya kwa miezi. Springi ya pini, ile pini inayogonga fataki, haionyi. Inalegea kidogo kidogo, au mafuta yanaganda ndani ya bolti asubuhi ya baridi, na siku nyati amegeuka unasikia "tik" badala ya mlipuko. Angalia maganda yako: alama ya pini kwenye fataki iwe ya kina na katikati. Ikiwa nyepesi, au leo nzito kesho nyepesi, leta bolti tuipime. Springi mpya ni bei ndogo kuliko pakiti moja ya risasi za .375. Kwa wawindaji bingwa tunashauri ibadilishwe kila baada ya misimu michache bila kungoja dalili. Ncha ya pini nayo iwe laini na ya mviringo. Ikiwa imechimbika inaweza kutoboa fataki na gesi ikarudi usoni.

Kucha inayovuta ganda, kwenye bunduki za mtindo wa Mauser wa 1898, ni kipande kirefu cha chuma cha springi. Imetengenezwa ili risasi ipande kutoka magazini na kuingia chini ya kucha. Ukitumbukiza risasi moja kwa mkono kwenye chemba na kuibamiza bolti, unailazimisha kucha kuruka juu ya ukingo wa ganda, na nyingi hazikuundwa kwa hilo. Tunabadilisha kucha zilizovunjika hivyo kila mwaka. Pitishia risasi magazini, hata ikiwa moja.

Mti wa kitako kwenye kaliba kubwa unapasuka nyuma ya chuma, pale kidole gumba kinapolala. Ufa unaanza kama unywele, na ukiwahi kuletwa tunaupachika gundi na pini. Mpira wa kitako unakufa kwa jua na joto la gari hata kama bunduki haifyatuliwi. Ukiugusa ukabaki unanata mkononi, ubadilishe.

Jambo moja zaidi, na hili ni la usalama. Kambini bunduki mbili zinazofanana husafishwa kwenye meza moja na bolti zinabadilishana. Zinaingia, zinafunga, kila kitu kinaonekana sawa. Lakini nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi hupimwa kwa kila bunduki peke yake, na ikizidi ganda linaweza kuchanika. Linganisha namba za bolti na za bunduki kabla ya kufyatua. Zikitofautiana, usifyatue mpaka tuipime.

Bunduki za mitutu miwili ya risasi zinahitaji mazungumzo yake: mitutu imeunganishwa na kulinganishwa ipige mahali pamoja, huwezi kubadilisha mmoja ukaacha mwingine. Shotigani kwa kawaida mtutu hauchakai. Kinacholegea ni bawaba na kufuli, na hivyo vinakazwa.

Ikithibitika kwamba koo limekwisha kweli, tunakuonyesha picha za kamera, tunakupa vipimo, na uamuzi unabaki wako. Mtutu mpya haufungwi bila leseni yako ya umiliki, na ukitaka kaliba nyingine lazima uanzie polisi, kwa kuwa kaliba ni sehemu ya kumbukumbu za silaha yako.

Ukija kwa ukaguzi wa kabla ya msimu, njoo na leseni, bunduki ikiwa haina kitu, bolti imetolewa, na maganda matano uliyofyatua karibuni. Risasi unazotumia tuandikie aina na toleo lake kama lilivyo kwenye pakiti. Na tafadhali, usiisafishe kabla ya kuileta. Wateja wengi huona aibu kutuletea bunduki chafu, wanaisugua usiku kucha, na pamoja na uchafu wanafuta kila kitu tulichotaka kukisoma.