Kwako somo: kipupwe hiki nimefika Pugu kwa baiskeli

Gongo la Mboto,
Dar es Salaam.
27 Julai 2025

Kwako somo yangu mpenzi,

Ama baada ya salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto, natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya kama inavyoniacha mimi. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana na anauliza kama huko bado mnakula wali au mmeshageuka kabisa kuwa watu wa viazi.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeisoma mara tatu. Uliposimulia kwamba huko Utrecht jua linazama saa nne za usiku, na kwamba watu wazima wenye heshima zao wanatoka kazini, wanapanda baiskeli na kufuata kingo za mifereji mpaka wachoke wenyewe, nilicheka kwanza, kisha nikaona wivu kidogo. Halafu ukaniuliza sisi huku kiangazi tunakifanyia nini. Somo, umesahau kwenu! Kiangazi chenu ndicho kipupwe chetu. Masika yameshatuaga, kusi linavuma, na alfajiri joto linashuka hadi nyuzi 18 au 19, majirani wanatoka na masweta kana kwamba wako Njombe. Kiangazi chetu ni kile cha Januari na Februari, ambacho mtu mwenye akili timamu hakipandii baiskeli jua likishatoka. Kipupwe ni habari nyingine, na mwaka huu nimekitumia kwa namna ambayo sijawahi kukitumia tangu nihamie huku, ndiyo maana barua hii itakuwa ndefu kuliko kawaida yangu.

Nimenunua baiskeli. Ni mtumba wa Kijapani wenye gia tatu, keria nyuma na kikapu mbele. Shemeji yako alipokiona kile kikapu aliniuliza kwa upole kama nimeamua kuacha kazi nikauze maandazi. Nilimjibu kwamba mimi na wewe tulianza na hali mbaya zaidi. Unakumbuka pale Magomeni tulivyokuwa tukikodi baiskeli ya yule mzee kwa dakika kumi, wewe ukiendesha kwa kupitisha mguu chini ya bomba kwa kuwa siti ilikufika kifuani, nami nikikimbia nyuma yako huku nikihesabu dakika kwa sauti ili usinidhulumu zamu yangu? Hukupata kunipa dakika zangu tano zilizotimia, na jambo hilo sijalisahau.

Mwanzoni nilikuwa nikizunguka mitaani tu, siku za Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi kabla bodaboda hazijachangamka. Sikufichi kwamba barabara zetu hazikutengenezwa kwa ajili ya mtu wa baiskeli. Njia maalumu mliyonayo huko, yenye rangi yake na taa zake, hapa ni ukingo wa lami wenye mchanga, na lori la kokoto linapokupita unausikia upepo wake ukikuvuta shati. Nikajifunza kutoka mapema, kuvaa fulana ya njano na kukubali kushuka pale panapotisha. Kisha Jumapili moja ya mwezi Juni, badala ya kuelekea mjini kama kawaida, niligeuza usukani nikaelekea kulikokuwa na vilima.

Nina aibu kukuambia kwamba nimeishi Gongo la Mboto miaka kumi na mmoja nikiitazama milima ya Pugu kila siku kutoka uani kwangu bila kuipanda hata mara moja. Tunaiita milima kwa heshima tu, maana sehemu yake ya juu ni kama mita 300 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa Moshi angeiita tuta. Lakini somo, kwa miguu iliyozoea kukaa ofisini, tuta hilo lina adabu yake. Hadi Kajiungeni nilikwenda vizuri. Baada ya hapo barabara ya Kisarawe inaanza kupanda kwa mizunguko, na gia zangu tatu zikaisha zote kabla mlima haujaanza kuwa mkali. Nikashuka nikasukuma. Wakati huo huo alikuwa akiteremka kijana mwenye magunia matatu ya mkaa kwenye keria ya baiskeli isiyo na breki hata moja. Alikuwa amekanyaga tairi ya nyuma kwa kandambili, moshi wa mpira unamtoka mguuni, na uso wake umetulia kama mtu anayesoma gazeti. Akaniambia, "Pole mzee, karibu unafika." Hakuna maneno yaliyonichoma msimu huu kama lile neno mzee.

Ukiwa huko juu unapita karibu na shule ya sekondari ya Pugu, ile alikofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Nilipokuwa mwanafunzi nilisoma kwamba alikuwa akisafiri kati ya Pugu na mjini kwa shughuli za chama, na nikayajibu maswali ya mtihani juu ya hilo bila kuelewa chochote. Siku hiyo, nikiwa nimeinamia usukani na kuhema, nikauelewa umbali.

Msitu wenyewe, Pugu na Kazimzumbwi, sasa ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Unalipa kiingilio, unapewa risiti, na unapata mtu wa kukuongoza. Niliacha baiskeli getini tukaingia kwa miguu. Sijui nikueleze vipi ile hali ya kutoka kwenye honi na vumbi, na baada ya dakika kumi tu kusikia sauti ya majani makavu chini ya viatu vyako mwenyewe. Kuna mikongo mikubwa, kuna mizabibu ya mwituni iliyoning'inia kama kamba za jahazi, na chini pana giza la kijani hata saa tatu asubuhi. Mwongozaji wetu alisimama ghafla akainua mkono. Mbele yetu majani yalikuwa yakichakurwa, kisha akatoka sange, kile kinyama kidogo chenye pua ndefu inayopindapinda kama mkonga, kifua chake rangi ya kutu na mgongo mweusi kama aliyekaa kwenye masizi. Kilitutazama, kikatuona hatuna maana, kikaendelea kutafuta wadudu wake. Kuna watu wanatoka nchi za mbali kuja kukitazama kinyama hicho, na mimi nimekuwa jirani yake miaka yote hii.

Tulikwenda pia kwenye mapango ya popo. Si mapango ya kuumbwa, ni mashimo yaliyobaki baada ya watu kuchimba kaolini, ule udongo mweupe unaotengenezewa vyombo vya kauri. Ukigusa ukuta unatoka na kiganja cheupe kama umeshika chaki ya ubaoni, na harufu ya kinyesi cha popo inakukaba koo mpaka unahisi machozi. Mwongozaji alimulika tochi juu, dari ikatikisika: ilikuwa si dari, ilikuwa popo. Aliniambia kwamba uzuri wake hasa ni jioni, jua likizama, wanapomiminika nje kwa maelfu wakielekea kula, lakini kurudi kwa baiskeli gizani kwenye barabara ile ni jambo ambalo sikuwa tayari kulieleza nyumbani.

Lakini si sange wala popo walionifanya nikuandikie. Tulipokuwa tunateremka bondeni tulivuka kijito. Kwa kuwa ni kipupwe maji yalikuwa machache, yanapita juu ya mchanga mweupe bila kelele, na niliweza kusimama mguu mmoja ng'ambo hii na mwingine ng'ambo ile. Nikauliza kinakwenda wapi. Mwongozaji akajibu kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua: "Msimbazi."

Somo, nilisimama pale muda mrefu mpaka wenzangu wakanitangulia. Msimbazi! Ule tuliokatazwa kuusogelea, ambao mama zetu walitupiga fimbo wakisikia harufu yake kwenye nguo zetu, ule mto mweusi wenye mifuko na viatu vibovu. Mwezi Desemba 2011 uliingia majumbani pale Jangwani usiku, watu wakakaa juu ya mapaa, wengine wakapoteza maisha, na jamaa zetu wakahamishiwa Mabwepande. Kwa akili yangu ya utoto niliamini kwamba mto ule ulizaliwa mchafu. Kumbe unaanzia huku, kilomita takriban 35 kutoka pale kwenye daraja la Salenda unakoingia baharini, na huku unakoanzia mtu anaweza kuchota maji kwa kiganja akanawa uso. Nilinawa. Yalikuwa ya baridi.

Tangu siku hiyo nimerudi mara nne, na kila mara ninajikuta nawaza yale magunia ya mkaa. Miti ya vilima hivi ikiisha, mvua za vuli na masika hazitakuwa na cha kuzizuia, zitateremka moja kwa moja kuelekea bondeni kwetu. Yule kijana ana watoto wa kulisha, na mimi mwenyewe jikoni kwangu lipo jiko la mkaa, hivyo sina ulimi wa kumsema. Nimeanza kununua mtungi wa gesi, basi, na shemeji yako anasema maharage ya gesi hayana ladha.

Usidhani kila safari imekuwa ya heri. Wiki iliyopita niliendelea hadi Kisarawe mjini, nikanunua machungwa maana huu ndio wakati wake, nikajaza kikapu, kile kile kilichochekwa, na katika kuteremka tairi ya mbele ikatoa pumzi yote kwa mlio mmoja. Machungwa yalitangulia nyumbani bila mimi. Nilisukuma mpaka chini ya mwembe mmoja alipokaa fundi, mzee wa Kizaramo mwenye beseni la maji, kipande cha msasa na kikopo cha solusheni kilichokaribia kukauka. Aliichomoa tyubu kwa vijiko viwili, vijiko vya kulia chakula, akaijaza upepo, akaizungusha majini polepole huku ameinamisha sikio, mpaka viputo vikapanda mahali pamoja. Akapafuta, akapasugua kwa msasa, akapaka solusheni, na akapapuliza kwa mdomo kama mtu anayepoza uji wa mtoto kabla ya kubandika kiraka. Mwiba wenyewe alinikabidhi mkononi. "Wa mchongoma," akasema, "uweke, ukumbuke kupita katikati ya barabara." Katikati ya barabara, somo, ndiko waliko malori.

Kigamboni nimekwenda mara moja tu, na sitakusumbua na maelezo mengi. Nilivuka kwa pantoni, baiskeli imebanwa kati ya matenga ya samaki na pikipiki, nikapita Mjimwema hadi Gezaulole. Barabara ni tambarare, minazi pande zote mbili, lakini kusi lilikuwa likinipiga usoni njia nzima ya kwenda. Jina la kijiji hicho ni la Kizaramo, maana yake jaribu uone, na nilipofika miguu ikinitetemeka niliona limenifaa. Kurudi nilipitia Daraja la Nyerere, upepo ukinisukuma mgongoni, na pale juu unaona bandari yote. Kwa uzuri wa macho Kigamboni inaishinda Pugu. Hata hivyo moyo wangu umebaki kwenye kile kijito.

Sasa nisikilize. Umeandika kwamba unakusudia kuja Desemba. Nakuomba usije Desemba: utakuta joto, utakuta mvua za vuli hazijamaliza, na utakaa ndani chini ya feni ukilalamika. Njoo Julai ijayo. Baiskeli ya pili nitakutafutia, na nitakupandisha mpaka pale Msimbazi unaporukwa kwa hatua moja. Zawadi usininunulie chokoleti. Niletee taa nyekundu ya nyuma inayowakawaka na pampu ndogo ya kufungwa kwenye bomba, maana huku zinazouzwa ni za kukaa gereji.

Jambo la mwisho. Nilimsimulia yule fundi wa mwembeni ulivyoniandikia, kwamba baiskeli yako haina breki za mkononi, ila ukitaka kusimama unakanyaga pedali kwa kurudi nyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mwanafunzi wake, akamwambia kwamba watu wakikaa sana Ulaya huanza kuwadanganya hata rafiki zao. Anakusubiri uje na hiyo baiskeli, aifungue aone.

Wasalimie wote.

Ni mimi somo yako,
wa Magomeni ile ile.