Barua kwa mwanangu: kuhusu lile gunia la pembe

Hombolo, Dodoma
Oktoba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote hatujambo, bibi yako naye hajambo isipokuwa macho, na mizabibu ya upande wa juu imeshapogolewa. Dhumuni la barua hii ni lile gunia la pembe.

Nilikwenda stoo kutafuta waya wa kukazia vichanja, nikalikuta nyuma ya mifuko ya salfa, limefungwa kwa kamba ya katani, nikadhani ni magunzi. Nilipolifungua nikakuta pembe za ng'ombe, nyingine zikiwa bado na nywele na damu iliyokauka kwenye shina. Mdogo wako alipoona uso wangu akasema mara moja kwamba wewe ndiye uliyemwagiza azikusanye machinjioni kidogo kidogo, na kwamba mimi nisiambiwe mpaka utakaporudi. Harufu ningeivumilia. Kilichoniuma ni kwamba mtoto anayeniandikia kurasa na kurasa kuhusu udongo wa watu wa Anjou, huko Ufaransa aliko, ameona kwamba udongo wa mama yake ni jambo la kupangwa kwa siri na kijana wa kidato cha pili.

Usidhani kwamba sikuelewa pembe hizo ni za nini. Kila ulichonitumia nimekisoma, tena kwa miwani na kalamu mkononi, kama nilivyokuwa nikisahihisha madaftari. Najua kwamba kinyesi cha ng'ombe anayekamuliwa hushindiliwa ndani ya pembe, pembe ikafukiwa wakati baridi inapokaribia na kufukuliwa baridi inapokwisha, na kwamba kile kinachotoka humo, ambacho kwa maelezo yako hakinuki tena kinyesi bali udongo wa msituni, huchukuliwa kiasi cha gramu 100 tu kwa hekta, kikakorogwa ndani ya maji kwa saa nzima, mara kulia, mara kushoto, kisha kikanyunyizwa jioni. Najua pia ile dawa ya pili, ya jiwe la kwazi (quartz) lililosagwa, ambayo hufukiwa majira ya joto. Nimesoma kwamba mambo haya, mnayoyaita kilimo cha baiodinamiki, yalianzia kwenye mihadhara minane aliyoitoa mwanafalsafa Rudolf Steiner huko Koberwitz, Ujerumani ya wakati ule, mwezi Juni mwaka 1924, na kwamba mzee huyo hakuwa mkulima, wala pombe hakuipenda, jambo ambalo linanifurahisha kidogo nikikumbuka kwamba wafuasi wake wanaosikika zaidi siku hizi ni watengeneza mvinyo. Sicheki, lakini. Mtu aliyekulia Ugogo hana sababu ya kumcheka anayeheshimu mavi ya ng'ombe.

Hofu yangu ni moja, nami nitairudia mpaka uichoke: pembe iliyojazwa kitu na kufukiwa ardhini, hapa kijijini, hakuna atakayeiona kuwa ni mbolea. Unawajua wale wanaojiita lambalamba, wanaopita vijijini wakidai kufichua wachawi na kufukua vitu katika nyua za watu huku umati ukiwafuata. Hicho wanachokifukua mara nyingi ni nini, kama si pembe? Huko mlikofukia zenu mwezi huu, kama ulivyoandika, wageni walisimama pembeni wakapiga picha. Hapa kwetu atakayeziona ni mchungaji wa mbuzi wa jirani, na swali la kwanza halitahusu kilimo. Litakuwa ni nani aliyeziweka, na katika nyumba hii ni nani mwenye macho mekundu. Bibi yako amepikia kuni maisha yake yote, mwanangu. Macho yake ni mekundu.

Tena iko Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928 na ambayo haijafutwa hadi leo, inayomtia hatiani hata mtu anayekutwa na kifaa cha uchawi. Mwaka huohuo wa 1928 ndio ambao alama ya Demeter, ya mazao ya kilimo hicho chenu, hiyo unayoiona kwenye chupa za hao waajiri wako, ilisajiliwa huko Ujerumani. Ningekuwa bado darasani, ningewapa wanafunzi wangu habari hizo mbili waziandikie insha. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, hata hivyo, anazijua habari za upande mmoja tu.

Nisikufanye udhani kwamba sijivunii. Barua yako kuhusu shamba la mizabibu la Coulée de Serrant nimewasomea walimu wenzangu wastaafu, tukiwa kanisani baada ya ibada: kwamba ni hekta saba za mteremko juu ya mto Loire, kwamba watawa walipanda mizabibu hapo mwaka 1130 na tangu hapo shamba halijaachwa, na kwamba Nicolas Joly aliacha kazi ya benki akarudi kwenye shamba la wazazi wake, akatumia dawa za kuua magugu kama alivyoshauriwa, kisha akaziacha alipoona rangi ya udongo inabadilika. Kilichowashangaza zaidi ni kusikia kwamba zabibu za huko ni Chenin, ileile ambayo sisi tunaivuna mara mbili kwa mwaka na wao mara moja tu. Mmoja akauliza, kama ni ileile, mbona mvinyo wao unasifiwa hivyo? Nilimjibu kwa maneno yako, kwamba mzabibu ni mmoja lakini mahali ni pawili, nao mvinyo hubeba ladha ya mahali ulipotoka.

Basi nami nikuulize kwa maneno hayohayo. Ikiwa mahali ndio kila kitu, mbona umetuagizia kalenda ya huko? Wao wanafukia pembe zikae ardhini kipindi chote cha baridi, kwa sababu wakati huo mzabibu umelala na udongo una maji. Huku mzabibu haulali. Tunaulazimisha kuanza upya kwa mkasi. Na kuanzia Mei mpaka Novemba udongo wetu ni mgumu kama tofali, hakuna kinachooza ndani yake, hata maganda ya karanga huyakuta yalivyo. Ukifukia pembe wakati wa kiangazi utafukua kinyesi kilichokauka. Kama ni kufukia, basi ni wakati wa masika, mvua inapofika, na hilo halimo katika kitabu chochote ulichonitumia. Ni wewe utakayelazimika kulijaribu na kuliandika. Halafu ng'ombe wetu wana pembe fupi, tena ulivyoandika mwenyewe zinatakiwa pembe za jike aliyezaa, na mdogo wako amekusanya za madume na majike pamoja, kwa maana hukumwambia. Ndiyo hasara ya kuagiza mambo kwa siri.

Tena liko jambo ambalo nashangaa hukuliona, wewe unayeona mengi. Zabibu zetu tunamuuzia mnunuzi ambaye huzimwaga kwenye tangi moja na za vijiji vingine vyote, na mchuzi wa zabibu ukauzwa kwa lita. Humo ladha ya Hombolo utaitafutia wapi? Hata ungefukia pembe mia, kazi yake ingeishia ndani ya tangi la mtu mwingine. Kwa akili yangu ya kizee, cha kwanza ni pipa letu wenyewe na mahali penye ubaridi pa kuliweka, hata kama ni la lita chache za majaribio, ili tujue shamba la juu lenye kichanga na lile la bondeni lenye udongo mzito vinatofautianaje mdomoni. Watu wa TARI Makutupora, kituo cha utafiti wa kilimo, watakusaidia katika hilo bila kukushangaa. Hilo la pembe lije baadaye, likija.

Na salfa usiiguse. Najua una maneno makali juu ya dawa, na kuhusu miaka ile tuliyopiga kwa pampu ya mgongoni bila kitambaa usoni, wewe ukituchotea maji ya kuchanganyia, sioni sababu ya kuandika mengi. Madumu ya dawa hayatumiki tena kuwekea maji ya kunywa, utaliona hilo ukirudi. Lakini ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa mizabibu, hausomi vitabu. Umesema mwenyewe kwamba hata hao wa baiodinamiki wanaruhusiwa salfa na mrututu, ile dawa ya shaba, na kwamba sheria ya Ulaya inawaruhusu wakulima wa kilimo hai kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, ambayo si kidogo. Basi usije na msimamo mkali kuliko wa waliokufundisha. Kumbuka yule mkulima wa zabibu wa Burgundy, hukohuko Ufaransa, uliyeniambia habari zake, Emmanuel Giboulot, aliyekataa kupiga dawa ya kuua mdudu anayeambukiza mizabibu. Alihukumiwa kulipa faini mwaka 2014, na mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikamwachia. Wewe uliona ushindi katika kisa hicho. Mimi nilifikiria majirani zake, walivyolala usiku ule wakiwaza mizabibu yao.

Hivyo nakuomba, na ukitaka lichukue kama amri. Pembe hazitafukiwa kabla hujaja. Ukija, utakwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa bibi afisa ugani, uwaeleze kama ulivyonieleza mimi, uwaoneshe picha za shamba la huko. Mtafukia mchana kweupe, saa nne asubuhi, majirani wakiitwa na chai ikipikwa, na mahali pawekewe kibao kinachosomeka. Robo ekari itatosha, upande wa barabarani ambako kila mtu anapita, wala si nyuma karibu na chumba cha bibi. Kalenda yako ya mwandamo wa mwezi ikisema mwezi haujakaa vizuri siku hiyo, mwezi utasubiri. Kukoroga usiku sitaki kabisa. Kukoroga jioni, saa kumi na moja, jua likiwa bado lipo, nitakusaidia mwenyewe, mkono wangu wa kulia bado una nguvu.

Kwa sasa gunia nimelihamishia kwa padre, ambaye amecheka sana na kulifungia katika stoo ya parokia. Naye anakusalimu.

Mengineyo ya hapa nyumbani: mnunuzi bado hajalipa zabibu za Agosti, anasema wiki ijayo kila wiki. Mchwa wamekula nguzo za mstari wa tatu na wa nne, mjomba wako ameahidi nyingine za mti mgumu zaidi, lakini unaijua ahadi ya mjomba wako. Bati la jikoni limeng'oka upande mmoja, tumeliwekea mawe mpaka fundi apatikane. Mdogo wako amefaulu hesabu na kuanguka Kiingereza, kwa hiyo mwandikie kwa Kiingereza na umjibu kwa Kiingereza, na umwache na mambo ya machinjioni. Bibi anataka dawa ya macho ile ya matone. Daktari wa hapa ameiandika jina lake kwenye karatasi, nimempa mdogo wako akutumie picha. Ulizia bei kwanza, isije ikawa ghali kuliko ya hapa Dodoma mjini.

Ukipata nafasi kwenye mzigo, niletee mikasi miwili ya kupogolea ya hao watu, ile yenye springi ambayo haichoshi mkono. Mmoja uwe wa mkono wa kushoto kwa ajili ya mdogo wako, kwa sababu huu wa kulia anaoutumia anachana matawi badala ya kuyakata.

Ni mimi mama yako.