Wagiriki hawakuvitupa visasili

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita ilidai kwamba Wagiriki wa kale walianza kuwaza maendeleo siku walipoachana na hekaya za miungu. Mimi nafundisha fasihi, na hapo nimeshindwa kunyamaza. Kwenye tanzia zao mambo yako kinyume kabisa.

Chukueni Prometheus, mmoja wa miungu wa visasili vya Kigiriki. Kwa mshairi Hesiod, aliyetunga karibu mwaka 700 KK, huyu ni mjanja aliyeiba moto na wizi wake ukawaponza binadamu. Neema ilikuwa ya watu wa zamani. Karne ya 5 KK tamthilia ya Prometheus aliyefungwa (husemwa ni ya mtunzi wa tanzia Aeschylus, ingawa wataalamu bado wanabishana) inakipindua kisa hichohicho. Sasa watu wa mwanzo wanaishi mapangoni kama sisimizi, wana macho na hawaoni. Prometheus anawafundisha kujenga nyumba, kuhesabu, kuandika, kufunga ng'ombe nira, kutweka tanga, kuchanganya dawa, kuchimba chuma na dhahabu. Wazo la binadamu kujikwamua liliingia jukwaani likiwa ndani ya kisasili.

Wala halikuingia kwa vigelegele vitupu. Tazameni anayempigilia Prometheus mwambani kama adhabu ya wizi wake: ni Hephaestus, mungu mhunzi, mwenye moto ulioibwa. Pingu, nyundo, kabari ya chuma inayopenyezwa kifuani, yote ni kazi ya ufundi uleule utakaosifiwa baadaye. Na kabla hajawatajia moto waimbaji wa kundi la tamthilia, Prometheus anawaeleza kwamba aliwaondolea binadamu uwezo wa kuona kifo chao mbele, akawapandikizia matumaini yasiyo na macho. Waimbaji wanamjibu kuwa hiyo ni faida kubwa. Wanafunzi wangu kila mwaka hugawanyika: nusu wanasema zawadi, nusu wanasema kiini macho.

Mtunzi mwingine, Sophocles, katika tanzia ya Antigone ya mnamo 441 KK, anawapa wazee wa mji wa Thebes wimbo wa kumsifu binadamu. Anavuka bahari iliyochafuka, analima ardhi kwa plau mwaka hadi mwaka, amejifundisha lugha na maisha ya mjini. Kifo peke yake ndicho hana pa kukikwepea. Wanamwita deinos, neno la Kigiriki linalobeba ajabu na kutisha kwa mpigo. Wimbo unapoisha tu, mlinzi anaingia na Antigone, msichana aliyekamatwa akiifunika maiti ya kaka yake kwa vumbi, kosa ambalo mtawala wa mji ameliwekea adhabu ya kifo.

Mwalimu wa fasihi,
Morogoro